Mama Anayemrekodi Mwanae Mgonjwa Hatafuti Kiki

SEHEMU YA 1

Jamani, hili la leo limenikaa kooni, naomba nilitoe.

Kuna maneno yameshika huku kwetu Kimbiji. Unayasikia bombani, unayasikia kwenye benchi la kliniki, na kinachoniuma zaidi, unayasikia kwa baadhi yetu tuliovaa sare: "Mama gani huyo, mtoto anaumwa, yeye kashika simu anarekodi?" Basi yule mama akijikaza akafungua simu amwonyeshe nesi, video yenyewe inaruka kama imechukuliwa ndani ya ngalawa siku ya kusi. Nesi anatazama sekunde tatu, anamrudishia simu. "Hapa sioni kitu mama." Kwisha. Mama anaondoka kaonekana mtafuta kiki, na mtoto hajaonekana kabisa.

Mimi ni nesi, na nasema mama huyo alikuwa sahihi. Walioharibu ni wawili: aliyemcheka, na ule mtikisiko. Wa kwanza nitamalizana naye humu humu. Wa pili tutautibu pamoja, na hautaki ununue simu mpya.

Ugonjwa wa mtoto una tabia ya kujificha ukifika kwa mhudumu. Degedege linaweza kuja saa tisa usiku, likaisha ndani ya dakika mbili. Hadi upate boda na ufike zahanati, mtoto kalala usingizi mzito au anakukodolea macho. Unaulizwa: alikakamaa au alilegea? Ulianza mkono mmoja au mwili mzima? Macho yalikwenda wapi? Ilichukua muda gani? Nani anakumbuka hayo, wakati roho ilikuwa mkononi? Kwa mtu aliyekuwa anamwita Mungu, dakika mbili ni saa nzima. Simu haikuwa na hofu, simu inakumbuka. Ndiyo maana madaktari wanaoshughulika na kifafa huwaomba wazazi video, kwa sababu kinachoonekana pale hakipatikani kwa kumpima mtoto aliyekwisha tulia.

Kwa hiyo mhudumu mwenzangu, ukimcheka mama aliyeleta video umetupa ushahidi ambao ungekusaidia wewe kwanza.

SEHEMU YA 2

Sasa mtikisiko. Mama analalamika nyumbani, baba anasema simu imekufa. Anapelekewa fundi. Fundi anaishika dakika moja, anatoa hukumu: "Hii ya kuflashi" au "Hii kamera imekwisha, tafuta nyingine." Hela ya mboga inakwenda, simu inarudi vile vile. Sisemi mafundi wote, wapo waungwana. Ila usimpelekee mtu simu kabla hujaifanyia kipimo hiki, hakigharimu hata MB moja.

Washa kamera, uwe kwenye video. Iegemeze simu kwenye kitu kisichotikisika, ukutani au kwenye sufuria zito, ikitazama kitu kilichotulia kama kalenda. Ondoa mikono. Tazama.

Picha ikitulia tuli, kamera nzima. Kinachotikisika ni wewe, na hiyo si aibu, mkono wa binadamu hautulii, tena wa mama mwenye hofu.

Picha ikicheza yenyewe simu ikiwa imetulia, inatetemeka kama maji kwenye beseni, au unasikia mlio mdogo wa kugonga-gonga karibu na lenzi, hapo kweli kuna kitu ndani. Zima simu uwashe. Jaribu kamera ya mbele, na zile lenzi nyingine za nyuma kama unazo. Kama inacheza moja tu na nyingine zimetulia, basi hiyo moja ndiyo mgonjwa, na dawa yake ni kubadilishiwa kamera hiyo. Kuflashi ni kubadilisha programu. Hakuungi chuma kilichovunjika. Fundi akikwambia aflashi kwa tatizo hili, chukua simu yako uende zako.

Kuna mambo mengine mawili watu huyaita kutikisika na siyo. Video inayokwama-kwama, mtu anaruka kutoka hapa hadi pale, mara nyingi ni simu iliyojaa. Futa zile video za harusi ya jirani. Na picha inayokuja karibu na kurudi, mara kali mara ukungu, ni kamera inayohangaika kutafuta pa kukazia macho. Gusa kwenye kioo pale alipo mtoto, kidole kikae kidogo; simu nyingi zitakazia hapo hapo. Kabla ya hapo ifute lenzi kwa pindo la khanga safi. Simu za wamama wenye watoto wachanga nazijua, zina mafuta ya nazi hadi kwenye spika.

SEHEMU YA 3

Hii niliahidi kwa kina baba na kina kaka wa boda, wakeo wasomeeni.

Baadhi ya simu, hasa za bei ya kati na juu, zina lenzi isiyokaa imekazwa. Imening'inizwa, inasogezwa na sumaku ndogo sana. Ndani kuna vihisi vinavyojua mkono umeinama wapi, na lenzi inasukumwa upande wa pili ili picha itulie. Ni kama mwanamke aliyebeba ndoo kichwani: miguu inapanda na kushuka kwenye mashimo, shingo inarekebisha, maji hayamwagiki.

Sasa chukua shingo hiyo uifunge kwenye usukani wa pikipiki kutwa nzima. Septemba 2021 Apple waliandika wenyewe kwenye kurasa zao za msaada kwamba mtetemo mkali wa injini za pikipiki, unaopita kwenye fremu na usukani, unaweza kuiharibu mitambo hiyo ya kutuliza picha na ya kukazia macho. Kwa pikipiki zenye injini kubwa walisema msifunge simu kabisa. Kwa vyombo vidogo wakashauri kishikio chenye kufyonza mtetemo, na hata hapo simu isikae muda mrefu. Na hao ni watu wanaotaka tununue simu zao, wangependa wangenyamaza.

Anayekwenda Mwasonga na kurudi akiwa na simu usukani anajua mtetemo ni nini. Halafu jioni simu ile ile ndiyo ya familia, ndiyo itakayomrekodi mtoto usiku. Kaka, weka simu mfukoni. Ukihitaji ramani, sikiliza sauti yake.

Simu zetu nyingi za bei nafuu hazina mtambo huo wa lenzi. Zinatuliza picha kwa hesabu tu: zinakata kingo za picha na kusogeza kilichobaki, au hazitulizi kabisa. Hesabu hiyo hushindwa pakiwa giza, kwa sababu gizani kila picha huchukua muda mrefu zaidi, na mkono ukisogea picha inajipaka. Kwa hiyo kabla ya kufikiria simu ya laki sita Kariakoo, fungua mlango, sogeza mtoto kwenye mwanga. Nimeona simu ya bei ya chini kabisa ikitoa video safi mchana barazani, na simu ya gharama ikitoa uji usiku chumbani.

SEHEMU YA 4

Hapa ndipo nataka mama ukae kitako, maana hapa pana uhai wa mtu.

Kupumua. Mtoto ana kikohozi, unaona anahema vibaya, unataka mhudumu aone hali ilivyokuwa. Tumbo la kichanga linapanda na kushuka kidogo sana. Mkono wako ukitikisika kuzidi hapo, umelifuta tumbo, na hakuna nesi duniani atakayehesabu pumzi hapo. Ndiyo maana nashupalia mtikisiko. Siutaki urembo wa picha.

Mlaze mtoto kitandani au mkekani, usimpakate. Paja lako nalo linapumua. Awe ametulia, halii, hanyonyi. Mfunue kuanzia chuchu hadi kitovu. Simu isiishike mkononi kama kuna namna: chukua mfuko wa mchele au unga wa kilo moja, uweke juu ya stuli, ibonyeze simu ikae ndani yake ikiwa imelala upande. Huo mfuko unashika simu vizuri kuliko vyuma vingi vinavyouzwa. Huna? Kaa chini, egemea ukuta, bana viwiko kwenye mbavu, shika simu kwa mikono miwili. Usizumu. Ukizumu mara tatu, na mtikisiko umeukuza mara tatu. Sogea wewe.

Rekodi dakika moja kamili, usikate. Kuhesabu pumzi ni kwa dakika nzima, maana watoto hupumua kwa kupumzika na kukimbilia. Kupanda mara moja ni pumzi moja. Aliye chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni haraka. Hesabu tena mara ya pili uhakikishe. Miezi miwili hadi kabla ya mwaka, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40 au zaidi. Na angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi, kifua chake cha chini kikibonyea ndani badala ya kutoka nje, hapo hamna cha kurekodi tena, beba mtoto uende.

Degedege. Hapa mtoto kwanza, simu baadaye. Mlaze ubavu, ondoa kilicho karibu cha kumuumiza, mlegeze nguo. Usimtie kijiko mdomoni, usimtie kitunguu, usimmwagie maji, usimkandamize. Ukishamweka salama, mtu mzima mwingine ndiye ashike simu. Upo peke yako? Iegemeze simu ukutani, iache irekodi, mikono yako ibaki kwa mtoto. Mwili wote uonekane, uso hadi vidole vya miguu. Tamka saa kwa sauti: "Saa tisa na dakika kumi, ameanza." Sauti hiyo itatusaidia kuliko unavyodhani. Likifika dakika tano halijaisha, hiyo ni dharura kubwa. Likiisha lenyewe pia unakwenda, usiku huo huo. Malaria bado ipo huku, na mtoto aliyepata degedege mwenye homa hasubiri asubuhi. Kuhusu yule mdudu au ndege anayesemwa ndiye analileta, tutabishana siku nyingine, mtoto akiwa keshapata vipimo.

Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, aliyelegea haamki: hao hawahitaji video. Na mjamzito, mama aliyejifungua au kichanga akiwa hatarini, piga 115, ile ya m-mama, haina malipo.

SEHEMU YA 5

Wapo walioniandikia inboksi baada ya sehemu ya kwanza: "Nesi unawafundisha watu kuanika watoto." Hapana. Kurekodi na kuanika ni vitu viwili. Anayeweka status mtoto wake akiwa uchi anakakamaa, aandike "niombeeni," huyo sina la kumtetea. Mtoto yule atakuwa na miaka 15, video itakuwa bado ipo. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za afya ya mtu zimo. Jirani aliyechungulia dirishani akarekodi mtoto wa mwenzake, huyo ndiye aulizwe "mama gani huyo."

Mama halali anamtumia mhudumu mmoja, au anamwonyesha uso kwa uso. Mkishaonana, video ikihifadhiwa ihifadhiwe kwa sababu, vinginevyo ifutwe, na kwenye lile kundi la familia lenye watu 80 isifike.

Rekodi kwa kamera ya simu yenyewe, si ndani ya WhatsApp, halafu ndipo utume; kamera ya simu mara nyingi hutuliza picha vizuri zaidi. Ukiona mtandao unasumbua, na huku kwetu unasumbua, usikae unasubiri itume. Simu ipo mkononi, njoo nayo.

Wahudumu wenzangu, neno langu kwenu ni fupi. Mama akileta video mbaya, mwambie kwa nini ni mbaya: "Mama, nilitaka kuona tumbo, umenionyesha pazia. Kesho mlaze, weka simu juu ya mfuko wa mchele." Ni sekunde kumi. Tunapoteza nyingi zaidi ya hizo kuwasema.

Na dada aliyeuliza kuhusu kava lake jipya lenye sumaku: livue kwanza, halafu rudia kipimo cha ukutani. Sumaku iliyokaa karibu na lenzi inaweza kuivuruga ile inayoning'inia. Picha ikitulia bila kava, umeshapata mchawi wako, na wala hakutoka kwa jirani.