Kabla ya Kuuza Shamba kwa Ajili ya Moyo

Majuma machache yaliyopita niliteuliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harambee mjini Malaba. Mwalimu mwenzangu, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, alikuwa ameambiwa na madaktari kwamba mishipa mitatu inayoulisha moyo wake imesongeka, na kwamba anahitaji upasuaji wa baipasi. Katika kikao cha kwanza tulijadili kadi za mchango, nauli, hospitali za India na ekari mbili za babake karibu na Amagoro. Mgonjwa mwenyewe alikaa kimya pembeni. Tulipokuwa tukitawanyika aliniambia: "Mwalimu, mmehesabu kila kitu, lakini hakuna aliyeniuliza kama nataka kupasuliwa."

Maneno hayo yalinichoma. Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na naungama kwamba kamati yetu, kama nyingine nyingi nilizowahi kuzichangia, ilianza na hati ya shamba kabla ya kuiona picha ya mishipa ya moyo.

Mkazi wa Malaba hahitaji kufundishwa baipasi ni nini. Foleni ya malori inapoziba barabara kuu, mwendesha bodaboda hukata kona, akapita njia ya panya na kuibukia mbele ya kizuizi. Mpasuaji naye huchukua mshipa wa mguuni au wa kifuani, akaushona ili damu ipite kando ya mahali palipoziba. Utaratibu huu ulianza kupata umaarufu baada ya mwaka 1967, wakati René Favaloro, daktari kutoka Argentina, alipoutumia mshipa wa mguu huko Cleveland, Marekani. Hata hivyo, njia ya panya haiondoi foleni. Ugonjwa unabaki pale pale, na takriban nusu ya mishipa iliyotolewa mguuni huziba katika muda wa miaka 10. Ule wa kifuani hudumu zaidi.

Hatari zake si za kupuuzwa. Mfupa wa kifua hukatwa, na aghalabu moyo husimamishwa, mashine ikasukuma damu badala yake. Katika hospitali zenye ujuzi, mgonjwa mmoja hadi watatu kati ya 100 waliopangiwa upasuaji huu mapema hufariki. Wengine hupatwa na kiharusi au hudhurika figo. Mwenye kisukari huwa katika hatari kubwa zaidi ya kidonda chake kutunga usaha.

Je, faida zake zazidi hatari hizo? Jibu lategemea moyo wa nani. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 uliwahusisha wagonjwa 5,179 kutoka nchi 37, ambao maradhi yao yalikuwa yametulia. Baada ya miaka mitatu hivi, waliotumia dawa peke yake hawakufa kwa wingi kuliko waliopelekwa upesi kupasuliwa au kuwekewa kibomba cha kupanua mshipa. Tofauti ilikuwa katika nafuu: waliobanwa kifua mara kwa mara walipumua vizuri zaidi baada ya kushughulikiwa. Wenye kuziba katika shina la mshipa wa kushoto hawakuingizwa katika utafiti huo, maana kwao kuchelewa ni hatari.

Jirani yangu mjini Busia, wakala wa forodha, ni mfano wa kundi hilo la kwanza. Mshipa mmoja tu ulikuwa umesongeka. Ndugu zake walikwisha kumtafuta mnunuzi wa ploti yake, daktari akawaambia dawa zatosha. Hadi leo yuko kazini mpakani.

Mwenzangu wa Malaba yumo katika kundi jingine. Utafiti wa mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa 1,900 wa kisukari ambao mishipa zaidi ya mmoja imesongeka. Baada ya miaka mitano, walikuwa wamefariki takriban 11 kati ya kila 100 waliofanyiwa baipasi, na 16 kati ya kila 100 waliowekewa vibomba. Lakini kiharusi kiliwapata 5 kati ya 100 katika kundi la baipasi, dhidi ya 2 katika lile jingine. Hizi ndizo hesabu tulizostahili kumwekea mezani, badala ya bei ya tiketi ya ndege.

Isitoshe, kadi yetu haikutenga hata shilingi moja kwa siku za baadaye. Aliyepasuliwa hana budi kutumia aspirini, dawa za kupunguza mafuta katika damu na, kwa mwenzangu, dawa za kisukari, kila siku ya maisha yake. Nasi tulikuwa tumekwisha kuivuka Bahari Hindi kwa mawazo, ilhali upasuaji wa moyo hufanywa Nairobi na Eldoret, na ng'ambo ya mpaka katika Taasisi ya Moyo ya Uganda mjini Kampala. Hatukuwa tumemwuliza daktari yeyote amefanya baipasi ngapi katika mwaka uliopita.

Katika kikao cha pili tulimpa mgonjwa nafasi ya kwanza ya kuzungumza. Aliomba siku tatu za kufikiri na mkewe. Aliporudi alikubali kupasuliwa, kwa sharti kwamba shamba lisiguswe mpaka asikie maoni ya daktari wa pili. Jumatatu iliyopita alipanda matatu kwenda Eldoret, picha za moyo wake zikiwa katika bahasha. Hati ya shamba ingali sandukuni kwa babake.