Vifaa vya Kandanda kwa Mtoto: Kipi Kitangulie?

Mwanachuo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha na kukabidhiwa michezo ya shule, hukabiliwa na swali ambalo vitabu vya mbinu hulipitia kwa haraka: fedha kidogo iliyopo inunue nini? Mara nyingi jibu huwa limekwisha kutolewa kabla hajafika. Kamati ya shule hutaka jezi, wazazi hutaka jezi, na wanafunzi wenyewe huziota. Sisi tunaona kwamba kwa mtoto mdogo jibu hilo halifai, na yatupasa tueleze sababu.

Kifaa cha kandanda kwa mtoto kipimwe kwa jambo moja: je, kinamwezesha kuugusa mpira mara nyingi zaidi pasipo kuumia? Kisichofanya hivyo, hata kiwe cha thamani namna gani, na kingoje.

Tuchukue darasa la watoto 60 katika kipindi cha dakika 40. Kukiwa na mpira mmoja, hata kama mwalimu angeweza kuugawa kwa haki kamili, kila mtoto angekuwa nao kwa sekunde 40 tu. Na haki hiyo haipatikani. Wenye mbio na nguvu huuchukua. Wanyonge, na mara nyingi wasichana, hubaki pembeni wakipiga makofi. Darasa hilo hilo likiwa na mipira 10, kila kundi la watoto 6 likapata mmoja, fungu la kila mtoto huwa dakika 6 na sekunde 40. Hakuna jezi iwezayo kuleta badiliko kubwa kama hilo. Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni mpira, na cha pili ni mpira mwingine.

Lakini si kila mpira. Ule unaotumiwa na watu wazima, namba 5, una mzunguko wa sentimeta 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Mtoto wa Darasa la Pili akiupiga, mguu humwuma. Kesho yake anaukimbia mpira, nasi tunasema hana kipaji. Kwa watoto wa madarasa ya chini yafaa namba 3, wenye mzunguko wa takriban sentimeta 60. Kwa wale wa kati, namba 4, wa takriban sentimeta 65. Mwalimu asitegemee maandishi ya dukani peke yake, bali azungushe uzi kwenye mpira kisha aupime kwa rula. Sheria za kandanda zenyewe zinaruhusu mpira, uwanja na milango vipunguzwe kwa ajili ya watoto. Tena mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani lilitangaza kwamba watoto wa miaka 10 na chini yake wasipige mpira kwa kichwa. Nasi tufanye hivyo, hasa mpira unapokuwa mzito kwa maji ya mvua.

Baadhi ya walimu watauliza: mipira 10 itatoka wapi? Hapa Rugera, na kote Karagwe na Kyerwa, mgomba hauko mbali na shule. Watoto wetu huwafika walimu wakiwa tayari wanajua kufunga matambara au majani makavu ya mgomba, kuyakaza, na kuyafumia kamba za mgomba mpaka yakawa duara. Wapo walimu wanaouona mpira huo kuwa ishara ya umaskini, wakauzuia usiingie uwanjani. Sisi tunauona kuwa zana ya kufundishia, na kuitengeneza ni kazi ya mikono inayoafikiana kabisa na Elimu ya Kujitegemea aliyoieleza Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Vyaelea, vimeundwa.

Hata hivyo, tusiusifu kupita kiasi. Mpira wa mgomba haudundi vizuri, na ukilowa huwa mzito. Unafaa kwa kukokota, kutoa pasi fupi na kutuliza kwa wayo. Haufai kwa kichwa, wala kwa kufundisha jinsi mpira wa hewa unavyoruka. Kwa hiyo shule iwe na mipira miwili au mitatu ya dukani, pamoja na pampu na sindano yake, na makundi yapokezane. Ni heri kununua pampu mapema, maana mpira uliolegea huachwa kabatini kama uliokufa.

Kuhusu viatu, yapo makosa mawili. La kwanza ni kumtoa mchezoni mtoto asiye navyo. Katika Olimpiki ya London mwaka 1948 wachezaji wengi wa India walicheza miguu mitupu dhidi ya Ufaransa, wakafungwa mabao 2 kwa 1 tu. Kosa la pili ni kudhani kwamba miguu mitupu haina hatari. Kuna miiba, vipande vya chupa na funza. Ndiyo maana uwanja ukaguliwe na kufagiwa kabla ya kipindi. Na jambo moja tunalisisitiza: mwenye daluga asichezeshwe pamoja na wasio na viatu. Ama wote wavue, ama mwenye daluga avae raba. Mzazi akiomba ushauri, aambiwe kwamba raba inatosha katika viwanja vyetu vigumu vya miteremko. Tena asinunue kiatu kikubwa ili kimfae mtoto miaka miwili. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, basi. Daluga na kinga za ugoko ni za mashindano rasmi, na wakati wake utafika.

Vingine havihitaji fedha nyingi. Vitambaa vya rangi mbili hutenganisha timu. Makopo yasiyo na ncha kali huwa alama za mipaka. Milango ya miti ichimbiwe imara. Mlango uliosimamishwa tu huweza kumwangukia mtoto anayeuning'inia.

Tunajua hoja ya upande wa pili: jezi huleta fahari ya shule, na mashindano ya UMITASHUMTA yanahitaji timu iliyovaa sare. Hatuikatai fahari hiyo. Lakini timu ya shule ni ya watoto wachache, tena wakubwa, ambao tayari wanajua kucheza. Mwalimu ameajiriwa kwa ajili ya watoto wote. Shule yenye jezi 15 na mpira mmoja imewavisha wachache na kuwanyima wengi.

Basi, ndugu wanachuo, mtakapofika shuleni, kabla ya kuandika orodha ya mahitaji, hesabuni watoto kwanza, kisha mipira. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo itakayowaambia fedha iende wapi.