Ubunifu wa watoto wetu usikwamishwe na lugha

Wahenga walituachia kauli kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bila ya kuwavunjia heshima, nathubutu kusema kwamba katika soko la siku hizi hata kizuri hakina budi kutembezwa, tena na mtu anayejua kukieleza kwa maneno yanayomwingia mnunuzi. Ukweli huu anaujua fika mchuuzi anayepanda matatu katika stendi ya Nakuru kabla gari halijajaa. Kwa muda wa dakika chache huwa amekwisha kuwaambia abiria chombo chake kina kazi gani, kinavishinda vingine kwa nini, na bei yake ni ngapi. Mhadhara huo huutoa kwa Kiswahili. Lau angeutoa kwa Kiingereza, angelala njaa.

Nimemtaja mchuuzi huyo kwa sababu shule zetu sasa zinawafunza watoto kazi iyo hiyo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeweka ubunifu na mawasiliano miongoni mwa stadi kuu ambazo kila mwanafunzi anapaswa kuzipata. Kwa hivyo walimu wengi huwagawa wanafunzi katika makundi, wakawaagiza watafute tatizo lililo karibu nao, wabuni bidhaa ya kulitatua, kisha wasimame mbele ya wenzao na kuwashawishi kwamba bidhaa hiyo inafaa kununuliwa. Hili ni jambo jema. Mfumo wa 8-4-4 nao, ulipoanzishwa mwaka 1985, ulikuwa na nia ya kumpa mtoto ujuzi wa mikono, lakini haukupita muda mrefu kabla ya mtihani kuyameza yote.

Kwamba vipaji vipo, hilo halina mjadala, hususan katika eneo hili la Bonde la Ufa. Mwaka 2018 wanafunzi wa shule ya kutwa ya Keriko, iliyoko katika kijiji cha Pwani, Njoro, walifika kwenye Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya wakiwa na kifaa cha kuwawezesha watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Shule yao ilikuwa na kompyuta moja tu, na wengi wao walitoka katika jamaa maskini. Hata hivyo, timu ya shule hiyo ilifuzu kwenda kushindana katika maonyesho ya kimataifa jimboni Arizona, Marekani, mwaka 2019. Mwaka uo huo mwalimu wao wa hisabati na fizikia, Peter Tabichi, alitunukiwa mjini Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni moja.

Yafaa tukitafakari kifaa kile. Kwa mtu asiyeona, rula yenye namba za kusomwa kwa macho ni kipande cha ubao tu. Vijana wa Keriko walijiuliza swali ambalo kila mbunifu anapaswa kulianzia: Je, atakayekitumia chombo hiki atakielewa kwa njia gani? Swali hilo ni la sayansi, na ni la lugha vilevile.

La kusikitisha ni kwamba swali lenyewe hatuliulizi tunapomsimamisha mtoto mbele ya darasa. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imekuwa kwamba mtoto afunzwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya kwanza, nayo katika mji kama Nakuru ni Kiswahili, kisha Kiingereza kishike hatamu kuanzia darasa la nne. Kutokana na mazoea hayo, maelezo ya kila bidhaa hutolewa kwa Kiingereza, na alama nyingi humwendea msemaji hodari wa lugha hiyo, ambaye aghalabu si yule aliyekiunda kitu.

Nimepata kuwa mwamuzi katika maonyesho ya shule moja ya kaunti hii. Msichana wa darasa la sita alikuwa ameunda sanduku la kukaushia mahindi kwa jua, lenye karatasi ya nailoni juu na matundu pembeni. Alikariri sentensi za Kiingereza alizoandikiwa, akakwama katika ya tatu, akanyamaza huku akitazama viatu vyake. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, alinionyesha hewa inakoingilia na inakotokea, akasema kwa nini mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu huota ukungu wenye sumu, na akaongeza kwamba sanduku lake lina kasoro: upepo mkali hulipindua. Mzazi wake, aliyekuwa kimya muda wote, alianza papo hapo kumshauri namna ya kulitia uzito chini. Lakini fomu niliyopewa ilikuwa na safu ya ufasaha wa Kiingereza, na haikuwa na safu ya kuelewa kitu ulichokiunda. Mtoto huyo hakuwa miongoni mwa washindi.

Hasara hapa si ya mtoto peke yake. Mnunuzi wa kwanza wa chombo kama hicho angekuwa mkulima wa Molo, Kuresoi au Subukia, na mtengenezaji wake angekuwa fundi wa jua kali. Katika kaunti hii yenye Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakisii, Wajaluo na wengineo, lugha inayowakutanisha watu hao katika soko la Wakulima ni Kiswahili. Tukimfunza mtoto kukinadi chombo chake kwa lugha ambayo mnunuzi wake haitumii sokoni, tutakuwa tumemfunza maigizo badala ya biashara.

Najua hoja mbili zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba mashindano ya kimataifa hufanywa kwa Kiingereza. Ni kweli; lakini kati ya maelfu ya watoto wanaobuni vitu darasani, ni wangapi watakaofika Arizona? Hao wachache wafunzwe Kiingereza cha safari yao wakisha kushinda. Hatuwezi kuwapima wote kwa kipimo cha safari ya wawili.

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hapa nasema kama mtu aliyeifanya lugha kuwa kazi yake: Kiswahili kina karakana yake yenyewe. Kutokana na kitenzi funika tumepata kifuniko. Kutokana na chuja, kichujio. Na kaanga ikatupa kikaango. Mtoto aliyeunda chombo cha kukausha anaweza kukiita kikaushio, na mama yake akamwelewa bila ya kamusi. Isitoshe, majina ya Kiswahili hayajapata kumzuia mtu kuuza. Jiko la kauri lililoenea nchini tangu miaka ya 1980 kwa mikono ya mafundi wa jua kali huitwa “jiko” hata na wataalamu wanaoliandikia kwa Kiingereza. Na huduma ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilibeba neno letu katika jina lake tangu siku ya kwanza.

Sidai kwamba Kiingereza kifukuzwe shuleni. Ninachopendekeza ni mambo matatu. Kwanza, alama za ubunifu zitengwe na alama za lugha, na mwanafunzi aruhusiwe kuchagua Kiswahili, Kiingereza au Lugha ya Ishara ya Kenya anapoeleza kazi yake. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na imeitaka Serikali iiendeleze Lugha ya Ishara. Kwa hiyo hatuombi upendeleo. Pili, meza ya waamuzi isiwe ya walimu peke yao; aitwe fundi mmoja na mchuuzi mmoja wa sokoni, kwani hao ndio wanaojua kitu kipi kitauzika. Tatu, mwalimu wa Kiswahili ashirikiane na mwalimu wa sayansi, ili kila bidhaa ipewe jina na maelezo ya matumizi kabla ya siku ya maonyesho.

Mapendekezo haya hayahitaji majengo wala mkopo. Yanahitaji fomu ya alama iandikwe upya, na wakubwa wa elimu wakubali kwamba mtoto anayeweza kumweleza mama yake chombo alichokiunda, na kuitaja kasoro yake bila ya kuulizwa, amekielewa. Kizuri chake kitajiuza, almradi tumwachie lugha ya kukitembezea.