KOMBO SI KASORO: WAKATAJI NA MAFUNDI WA MATONDONI WALIPWE HAKI YAO



Kuna maneno yanayosemwa na matajiri wa mbao, kwamba mti uliopinda au wenye nundu ni mti mbaya, na aliyeukata hastahili bei ya mti ulionyoka. Twasema wazi: hayo ni maneno ya mtu ambaye hajapata kushika tezo.

Nenda Matondoni utazame chombo kikiundwa. Mkuku ni mti ulionyoka, sawa. Lakini mataruma, yaani mbavu za chombo, hutafutwa katika mashina na matawi ya mlilana, mchu na mkomafi, mti uliokua wenyewe kwa kupinda, kwa sababu nyuzi zake hufuata lile kombo mwanzo hata mwisho. Chukua ubao ulionyoka ukate kombo hilo kwa msumeno: nyuzi umekwisha kuzikata, na siku ya kusi kali taruma litavunjikia papo hapo. Wenye vyombo wanalijua sana jambo hili, maana mali yao imo ndani. Siku ya kulipa ndipo wanaposahau.

Na nundu je? Nundu huota pale mti ulipoumia, au penye macho mengi yaliyokusanyika bila kuchipua. Nyuzi zake hujisokota huku na huku, hata hazipasuki upesi. Ikipigwa msasa hutoa maua ambayo ubao wa kawaida hauna. Tajiri huinunua kama kuni, kisha bakuli lake huuzwa kwa mgeni kama johari.

Shida yetu ni korija. Fito, pau, boriti na nguzo huhesabiwa kwa korija, vipande 20, na hesabu hiyo yafaa kwa miti iliyonyoka ya unene mmoja. Lakini taruma halina pacha. Mkataji aweza kushinda mkokoni, maji yakitoka na kujaa, tope mpaka mapajani, akarudi na vipande viwili tu vinavyokubali ubavu wa chombo. Mtu huyu ukimlipa kwa korija umemwibia mchana. Naye kesho atafanya nini? Atakata boriti zilizonyoka, nyingi na upesi, apate kulisha watoto. Basi ni nani anayemaliza mikoko, mwenye shoka au mwenye hesabu?

Lawama lakini hutuangukia sisi. Mwaka 1982 serikali ilikataza boriti kupelekwa nchi za nje. Februari 2018 ikapiga marufuku ukataji katika misitu ya umma, na kwa kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, pigo lilikuwa letu. Aliyetaka matawi matatu ya mashua alifungiwa mlango mmoja na yule afyekaye. (Mikoko iliyoondolewa kujenga bandari mpya haikuliwa na tezo za Matondoni, hilo lajulikana.) Hatupingi mikoko kulindwa, samaki na kaa wetu huzaliwa humo. Twapinga sheria isiyojua tofauti ya kuchagua na kufyeka.

Na wenzetu wanaokimbilia nundu kwa ajili ya maduka ya wageni wasikie pia. Nundu ikikatwa katika shina la mti mzima huacha kidonda kikubwa, na uozo huingia hapo. Huko California, Marekani, mwaka 2014 wakubwa wa hifadhi ya miti mirefu iitwayo redwood walilazimika kufunga barabara usiku, kwa sababu wezi walikuja na misumeno ya injini kukata nundu za miti iliyoishi mamia ya miaka. Sisi tuchukue nundu ya mti ulioanguka au uliokwisha kufa, wala isiwe vingine.

Twataka mambo mawili. Taruma na nundu zilipwe kwa kipande, bei ipatanwe na fundi atakayeichonga, korija ibaki kwa boriti. Na katika kibali cha msitu iandikwe kazi ya mti, isiwe hesabu peke yake, na mafundi wa vyombo wawepo panapoamuliwa mti gani ukatwe.

Mwenye chombo akiona bei ni ghali, na aingie mkokoni mwenyewe, maji yakitoka, akatafute mataruma yake.