Hakuolewa, kwa hiyo hakuwepo?

Jamani, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nilikuwa nyumbani Bariadi. Wazee wametoa kitabu cha ukoo, kimechapwa stesheneri, kina kava la plastiki. Kizuri tu. Babu yumo, kaka zake wamo, wake zao wamo, hata idadi ya ng'ombe wa mahari imetajwa. Nikamtafuta dada yake babu. Hayumo. Nikauliza. Jibu: "Yule hakuolewa, sasa tungemweka wapi?"

Tungemweka wapi! Pamba ya bibi huyo ndiyo iliyolipa ada ya baba yangu. Shamba lake linalimwa mpaka leo, ila sasa linaitwa "shamba la ukoo". Umeona mchezo? Ukishafuta jina, shamba halina mwenyewe.

Nikaingia mtandaoni kuona wenzetu wanatafutaje mababu zao. Kule Scotland, vizazi, ndoa na vifo vinaandikishwa kwa lazima tangu 1855. Sensa yao ya 1881 inakupa jina la mfanyakazi wa ndani ambaye hakuolewa, umri wake, kazi yake, alikozaliwa. Mjukuu wa kaka yake anampata leo kwa kubonyeza tu. Huyo ni mwanamke maskini wa enzi za Malkia Victoria, yule yule ambaye jina lake lilipewa ziwa ambamo Mto Simiyu unamwaga maji yake. Huku kwetu serikali hiyo hiyo ya Waingereza ilipokuja, daftari lake la kodi lilimtafuta mwanaume. Sawa, mkoloni tumlaumu. Lakini kitabu cha ukoo wetu hakukiandika mkoloni.

Wataniambia "ni mila". Mila ipi? Kwa Wasukuma, ng'ombe wa mahari ndio wanaowapeleka watoto kwenye ukoo wa mume. Ng'ombe wasipotoka, watoto ni wa kwao mama. Kwa hesabu hiyo, mwanamke ambaye hakutolewa ng'ombe ni wetu kuliko wote! Aliyestahili ukurasa wa kwanza ndiye mmemtoa.

Na msidhani ni suala la karatasi tu. Amri ya sheria za mila ya 1963 ilimweka mwanamke nyuma kabisa kwenye urithi. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, mkoa uliokuwa na Bariadi kabla Simiyu haijazaliwa 2012, waliipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikakiri ni ubaguzi, ikakataa kuifuta. Ikabidi wafike hadi kamati ya Umoja wa Mataifa, iliyowapa haki mwaka 2015. Wao walikuwa na ndoa ya kuonyesha. Bibi yangu angeonyesha nini?

Nimeanza kumtafuta. Daftari la ubatizo kanisani. Stakabadhi za chama cha msingi, kama panya wamebakiza. Lakini zaidi ya yote ni bibi wawili waliokuwa wakipalilia naye pamba, wote wamevuka miaka 80. Hawa ndio maktaba yangu, na mvua mbili tatu zijazo sina uhakika nazo.

Wewe unayesoma, kwenu yupo mmoja kama huyo. Piga simu nyumbani leo, uliza jina lake. Wakikuuliza alizaa na nani, rudia swali: jina lake nani?

Naomba kuwasilisha.