Mgeni Njoo, Lakini Mwenyeji Apone Kweli

Wanafunzi wenzangu, wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali langu ni hili: mgeni akifika, akapiga picha mbili tatu kisha akatokomea, mwenyeji amepona vipi?

Tuchukue mfano wa Luster, wilaya ya mashambani huko Norwei. Hapo bahari imejipenyeza hadi bara katikati ya milima, katika bonde lililochongwa na barafu zamani za kale. Mkono huo wa bahari huitwa Lustrafjorden, nao ni tawi la Sognefjorden yenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kutoka kijiji cha Solvorn watu huvuka kwa feri hadi Urnes, penye kanisa lililojengwa kwa mbao katika karne ya 12. Mbao jamani, si mawe! Na mpaka leo lingali limesimama. Tangu 1979 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Basi kuna wageni ambao huenda, wakastaajabia nakshi za wanyama waliosokotana ukutani, wakageuza. Mimi nasema hao wameona nusu tu. Katika nchi ile ardhi ya kulima ni kama asilimia 3 peke yake. Mkulima hukata nyasi ubavuni mwa mlima na kuzihifadhi ili mifugo ile wakati wa theluji. Kiangazi, desturi ilikuwa kupandisha mbuzi na ng'ombe malishoni juu mlimani, na huko huko maziwa yakageuzwa kuwa siagi na jibini. Jasho la namna hiyo ndilo lililowalisha waumini wa Urnes kwa karne nyingi.

Wako watakaobisha, eti majengo yakitunzwa yatosha. Hebu tutazame kanisa la Fortun, papo hapo Luster. Mwaka 1883 lilihamishiwa Fantoft, Bergen, ili lisibomolewe. Tarehe 6 Juni 1992 likachomwa moto na watu, likateketea. Lililoko sasa ni jipya, lililokamilika 1997 kwa mfano wa lile la kale. Naam, mbao zaweza kuchongwa upya. Lakini mkulima akihama na watoto wake wakasahau kazi, ujuzi ule utachongwa na nani?

Kwa hivyo, rai yangu ni kwamba mtalii asikimbilie kanisa tu. Na alale kijijini, anunue jibini na matunda ya mkulima, amuulize habari za shamba, tena asikanyage nyasi zake! Hapo ndipo tutasema mwenyeji amepona.