Msiufunge Upande wa Kusini

Katika mkutano wetu wa walimu uliopita mwenzangu mmoja alisimama akasema hivi: "Mbuga ya Nairobi ina seng'enge pande tatu. Na ipigwe seng'enge upande wa nne pia. Simba wakae kwao, watu wakae kwao, ugomvi uishe." Wengi wakampigia makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa muda wa mkutano ulikuwa umekwisha, nalazimika kumjibu kwa kalamu.

Kwanza tuijue mbuga yenyewe. Ilitengwa mwaka 1946, nayo ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza katika nchi ya Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 tu, na kutoka katikati ya mji hata kuifikia ni mwendo wa kilomita saba hivi. Kaskazini, mashariki na magharibi imezungukwa na seng'enge. Kusini pana mto Mbagathi, na ng'ambo ya mto zaanza nyanda za Athi na Kaputiei, nchi ya Wamasai. Wala asidhani mtu ya kuwa upande ule ulisahauliwa. Mvua zinyeshapo, majani ya mbugani hurefuka na kuwa magumu, nao nyumbu na punda milia huvuka mto kwenda kusini penye majani mafupi na matamu. Kiangazi kikiingia, maji ya kusini hukauka, nao hurudi kunywa katika mabwawa ya mbugani. Na simba huwafuata waendako. Basi mtu akisema "wakae kwao," namwuliza, kwao ni wapi? Mbuga ile ni zizi la kiangazi, na malisho yake yako nje. Kila mfugaji asomaye haya anajua yatakayowapata ng'ombe wake akiwafungia zizini mwaka mzima.

Lakini mwenzangu atasema, "Hao nyumbu hawapiti tena hata hivyo." Kweli, wengi hawapiti. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa makumi ya maelfu katika nyanda zile. Ilipofika mwaka 2011 walikuwa wamebaki elfu chache. Hapo ndipo penye shabaha ya maneno yangu, maana hawakumalizwa na simba wala na ukame peke yake. Ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa katika miaka ya 1980, kila mtu akapata hati yake. Mwaka 1990 kukaanzishwa mpango wa viwanda vya kuuza bidhaa ng'ambo, na viwanda hivyo vikajengwa Athi River. Wafanya kazi walihitaji nyumba, na nyumba zikahitaji ploti. Kila aliyenunua alipiga seng'enge yake, na seng'enge moja ikaungana na nyingine, hata njia ya wanyama ikawa kama uchochoro.

Nami siwezi kuwahukumu wengine nikajiacha. Kwa fedha za chama chetu cha akiba nilinunua ploti ya futi 50 kwa 100, upande wa njia iendayo Isinya, nikaipiga seng'enge kabla sijapanda hata mti mmoja. Mzee mmoja jirani alikuja, akasimama nje ya waya, akaniamkia kwa upole, kisha akasema, "Mwalimu, hapo ulipopima ndipo nyumbu walipokuwa wakipita nilipokuwa kijana." Nilimwonyesha hati. Aliitazama, akanirudishia, akaenda zake. Nyumba sijajenga mpaka leo, waya upo.

Sasa nije kwenye neno lililowafanya watu wapige makofi, kwa maana si neno dogo. Mwezi wa Juni mwaka 1912 ungekuwa zamani, lakini lilitokea Juni mwaka 2012: simba waliingia zizini huko Kitengela wakaua mbuzi, na wenyeji wakawaua simba sita kwa mikuki. Watu wa mjini walilia kwa ajili ya simba. Ni wangapi waliouliza habari za mwenye mbuzi? Mgeni hulipa langoni ili amtazame simba, na hoteli za mjini hupata faida kwake. Yeye amlishaye simba yule kwa mifugo yake usiku hana fungu. Hilo ni dhuluma, na mwenzangu ana haki kukasirika. Ila dawa aliyoichagua siyo. Kijana wa Kimasai, Richard Turere, alipokuwa bado mtoto, alitengeneza taa za kuwakawaka kuzunguka zizi la baba yake, simba wakaacha kuja. Alizungushia zizi, hakuizungushia nchi.

Tena palikuwa na jambo jingine lililofanya kazi. Kuanzia mwaka 2000 wenye mashamba ya Kitengela walipewa shilingi 300 kwa kila ekari kwa mwaka, kwa masharti ya kutouza, kutopiga seng'enge na kutochimba mawe, na ng'ombe wao wakaendelea kulisha. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati wa kulipa karo. Sisi walimu twajua maana ya fedha kufika siku ile. Kasoro yake ilikuwa kutegemea wafadhili, na mfadhili hufika na huondoka; hali ekari iliyo karibu na barabara kuu huuzwa kwa mamilioni. Nani atakataa mamilioni kwa ajili ya shilingi 300 zisizo na hakika?

Mwenzangu aliutaja mfano wa Nakuru, mbuga iliyozungukwa na seng'enge pande zote. Namkubalia kwamba vifaru wamesalimika ndani yake. Lakini ziwa la Nakuru hulishwa na mito itokayo nje, kama vile Njoro, nayo huleta udongo wa mashamba na taka za mji. Waya haujui kuchuja maji. Mbagathi nao hupokea maji machafu ya Ongata Rongai kabla haujaufikia mpaka wa mbuga. Je, na mto tuupige seng'enge?

Nasema mambo haya kwa kuwa si maneno ya mkutano tu. Mwaka 2019 reli ya kwenda Naivasha ilifunguliwa, ikipita juu ya mbuga kwa daraja refu la kilomita sita hivi. Mwaka 2020 rasimu ya mpango wa mbuga ilizungumza habari ya kuifunga kabisa, na watu wengi wakaipinga. Wazo hilo halijafa, kama makofi yale yalivyonionyesha. Nayo Sheria ya mwaka 2019 ya kupanga matumizi ya ardhi imezipa kaunti kazi ya kupanga. Lakini ramani ya Nairobi hukomea mtoni, na ya Kajiado huanzia mtoni, hali punda milia hana habari ya kaunti. Na wakae meza moja, waichore njia ya wanyama kwanza, kabla ya barabara na kabla ya ploti. Mwenye ardhi iliyomo katika njia ile alipwe kila mwaka kutoka mapato ya lango na kodi za mji ufaidikao. Alipwe kama haki yake, asipewe kama sadaka. Na mashamba yaliyobaki mazima yasikatwe tena vipande vya futi 50 kwa 100.

Mwenzangu amesema atanijibu katika gazeti hili. Vema. Ila kabla hajaandika, namwomba tufuatane Jumamosi moja mpaka ploti yangu. Nimekwisha azima koleo la kukatia waya, nami nahitaji mtu wa kushika upande wa pili.